Jeraha la goti linavyoweza kumkosesha chipukizi mkataba

KWA kijana wa Nyanchwa anayesakata kabumbu mjini Kisii, ndoto ya kwanza huwa kuvalia jezi ya Shabana, klabu iliyorejea Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023 baada ya kuwa nje kwa miaka 17. Hata hivyo, ndoto hiyo yaweza kuzimwa na kano moja ndani ya goti.

Kano hiyo, iitwayo kano ya msalaba ya mbele, huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya ule wa paja. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mpinzani: ageukapo ghafla au atuapo vibaya baada ya kuruka. Goti huvimba, kisha uvimbe hupungua, naye kijana hudhani amepona. Akirejea uwanjani goti likiwa bado legevu, huenda akaharibu pia gegedu.

Klabu hazinunui kipaji pekee, bali pia miaka ambayo mchezaji atacheza. Ndiyo sababu uchunguzi wa kiafya hutangulia kutiwa sahihi kwa mkataba. Mwaka 2000, Manchester United ilisitisha usajili wa Ruud van Nistelrooy wa PSV Eindhoven kwa kutoridhishwa na goti lake. Muda mfupi baadaye, kano ilikatika akiwa mazoezini. Alifanyiwa upasuaji, na mwaka 2001 klabu hiyo hiyo ikamsajili kwa pauni milioni 19. Aliifungia mabao 150.

Lakini van Nistelrooy alikuwa na jina, na klabu ya kumuuguza. Chipukizi asiye na mkataba humtegemea mzazi kwa gharama za picha, upasuaji na tiba ya viungo. Aidha, msimu mmoja nje humkosesha michezo ya shule, ambako wengi hutambuliwa.

Kinachomponza zaidi ni pupa. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanaorejea kabla ya miezi tisa kupita tangu upasuaji hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kuumia tena. Kuficha jeraha nako hakufai, kwani picha ya MRI yaweza kulifichua.

Kinga ipo, tena nafuu. Mazoezi ya FIFA ya kupasha mwili moto, yajulikanayo kama 11+, huchukua takriban dakika 20 na hayahitaji vifaa ghali. Kocha wa shule anayeyazingatia huenda akawa amelinda mkataba ambao mwanafunzi wake bado hajaupata.