Baada ya grafini, wanasayansi wasaka 'mbegu' mpya ya chipu

MAFUNDI wa matrekta wanaifahamu grisi nyeusi inayopakwa kwenye maungio yenye msuguano mkali. Weusi wake hutokana na molibdeni disalfaidi, muungano wa molibdeni na salfa wenye tabaka zinazoteleza. Leo kitu hicho cha gereji kinatafutiwa nafasi ya silikoni kwenye chipu za simu na kompyuta.

Mbio hizi zilianzia kwenye kinywe, madini yaliyopo pia hapa nchini, Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitumia utepe wa gundi kubandua kwenye kinywe utando wenye unene wa atomu moja, uitwao grafini. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Nobel.

Grafini ilisifiwa mno, pengine kupita kiasi. Inapitisha umeme kwa wepesi wa ajabu, lakini haizimiki. Transista ni kama lango la mfereji wa umwagiliaji: lisipofunga, maji humwagika usiku kucha. Simu yenye malango ya namna hiyo ingemaliza chaji upesi.

Mwaka 2011, Andras Kis na wenzake wa Lausanne, Uswisi, walitengeneza transista kwa tabaka moja la molibdeni disalfaidi, lenye unene usiofika nanomita moja. Ikiwashwa, ilipitisha umeme mara milioni 100 kuliko ikizimwa. Lango likafunga.

Siku hizi uchaguzi huanzia kwenye kompyuta, kama mtafiti wa mbegu anavyopanga wazazi kabla ya kupanda. Mwaka 2018, watafiti wa Lausanne walichambua aina zaidi ya 108,000 za madini na kemikali, wakabakiwa na 1,825 zinazoweza kubanduliwa tabaka kwa tabaka.

Kuchagua si kuvuna, hata hivyo. Fosforasi nyeusi, ndugu wa fosforasi ya mbolea ya DAP, hufunga lango, lakini utando wake huharibiwa na hewa na unyevu, mithili ya mahindi yaliyoingizwa ghalani mabichi. Kazi ngumu zaidi ni kuotesha utando mpana usio na kasoro. Chipu ya Vienna, Austria, ya mwaka 2017 ilikuwa na transista 115. Ile ya Chuo Kikuu cha Fudan, China, mwaka 2025 ilifikisha 5,900. Chipu ya simu ya kisasa ina mabilioni.

Kwa mfanyabiashara, hesabu muhimu ni hii: kilo moja ya molibdeni disalfaidi, ikitandazwa tabaka moja, ingefunika karibu ekari 80. Fedha iko kwenye kuotesha utando, si kwenye kuchimba jiwe. Kwa grafini ni vivyo hivyo, kwani utando wake ni mwepesi zaidi. Wanaosubiri chipu zipandishe bei ya kinywe cha Mahenge na Ruangwa watasubiri sana. Mnunuzi anayehitaji tani kwa tani ni mtengenezaji wa betri za magari ya umeme.