Butembo mpaka Kolwezi: tusihesabu saa za angani peke yake

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaobaki nyumbani, leo tuongee juu ya njia.

Kuko vijana wetu wa Butembo na Beni wanaotumika mbali, kwenye migodi ya shaba na kobalti kule Kolwezi. Wakati wa konji, kuko mapatroni wanaosema: kwa ndege ni saa mbili tu, siku moja ya njia inatosha. Sisi wa sindika tunasema: tupige hesabu pamoja.

Toka uwanja wa Mavivi, pale Beni, mpaka Luano ya Lubumbashi, ukikata moja kwa moja, ni kilometa karibu 1 370. Ndege kubwa inatembea kilometa 800 hivi kwa saa. Ongeza muda wa kupanda na kushuka, ni saa mbili kweli. Hapo patroni hadanganyi.

Lakini mtu akipitia Kinshasa? Mavivi mpaka N'djili ni kilometa karibu 1 650. N'djili mpaka Luano, 1 550 ingine. Jumla 3 200, zaidi ya mara mbili! Angani peke yake ni saa tano hivi. Na akikuta ndege ya pili imekwisha kuondoka, analala Kinshasa, na kitanda na chakula analipa mwenyewe.

Tena tusichanganye saa. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Lubumbashi iko sawa na sisi. Anayeondoka Mavivi saa nne asubuhi, akitembea saa mbili na nusu, anafika Kinshasa saa tano na nusu ya kule. Sisi huku ni saa sita na nusu. Kwa hiyo familia isishituke kama simu inakawia.

Bado hatujagusa barabara. Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 hivi, halafu Mavivi iko mbele ya Beni, kama kilometa 10. Mvua ikinyesha ao usalama ukiharibika, hata hizo zinakula siku. Kupandia Goma nako kulikatika: uwanja ule ulifungwa mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini. Na kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi kunabaki kilometa 300 hivi za gari.

Ndiyo maana tunaomba kila mtu, mbele ya kutia sahihi kwenye kontra, aulize mambo tatu: siku za njia ni ngapi, zinahesabiwa toka mlango wa nyumba ao toka uwanja wa ndege, na nani analipa usiku wa kulala njiani. Jibu liandikwe. Tena mchunge tikiti na karatasi zote za safari, na mwandike saa ya kuondoka na ya kufika. Siku wakikukata mshahara juu ya kuchelewa, karatasi hizo ndizo zitakusemea.