Sindano na Moto wa Wachina: Hutibu Nini?

Mwezi wa Novemba mwaka 2010, wajumbe wa mataifa walikutana mjini Nairobi chini ya UNESCO, wakatia katika orodha ya turathi za wanadamu tiba mbili za Wachina ambazo wenyewe huziita kwa jina moja, zhenjiu: zhen ni sindano, jiu ni kuchoma. Turathi ni turathi, sina la kupinga. Lakini anayeumwa na goti haulizi habari za orodha, yeye huuliza, "Je, itanifaa?"

Sindano hiyo ni nyembamba mfano wa unywele, haina tundu wala dawa ndani yake. Hudungwa mahali maalumu mwilini ikaachwa dakika ishirini au thelathini. Moto nao ni wa majani makavu ya mmea ulio jamaa ya pakanga. Hutwangwa yakawa laini kama pamba, yakasokotwa mfano wa biri nene, kisha ikawashwa na kusogezwa karibu na ngozi mpaka pale mahali papate joto. Tabibu wa Kichina atakwambia kwamba moto ni kwa maradhi ya baridi: tumbo la kuendesha, maumivu ya hedhi, viungo vilivyokakamaa. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa na mama wakisema "mwanangu kaingiwa na baridi", na tuliowaona wazee wakipigwa chuku mabegani, hatuoni ajabu hapo.

Walio wengi hufuata sindano kwa ajili ya maumivu: mgongo, shingo, goti, kipandauso. Mwaka 1971 mwandishi wa Marekani, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo huko Beijing. Watu wamezoea kusimulia kwamba alipasuliwa kwa ganzi ya sindano hizo. Sivyo. Ganzi ilikuwa ya kawaida. Sindano na moto vilikuja baadaye, tumbo lilipomjaa gesi, akadungwa kwenye kiwiko na chini ya magoti, naye akaandika kwamba alipata nafuu.

Wapimaji wa leo wamepata mambo mchanganyiko. Kichefuchefu cha baada ya kupasuliwa hupungua kwa kudungwa au kubonyezwa upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu kutoka kwenye kifundo. Wenye kipandauso hupungukiwa na siku za kuumwa. Ila hata waliodungwa kwa hila, pasipo mahali pake, walipata nafuu isiyokuwa mbali sana na ya wenzao. Huko Uingereza, NICE, shirika litoalo miongozo ya tiba, liliiondoa sindano katika tiba ya mgongo mwaka 2016, likaibakisha kwa kipandauso. Na lililonishangaza mimi ni la waja wazito: mtoto akikaa matako chini miezi ya mwisho, huwashwa moto ule karibu na kidole kidogo cha mguu wa mama, na yaelekea watoto wengi zaidi hugeuka kuliko wakiachwa. Lakini daktari au mkunga awe na habari.

Sasa, malaria, kisukari na saratani si kazi ya sindano. Jamaa mwingine wa pakanga ndiye aliyempa Bi. Tu Youyou dawa ya malaria na tuzo ya Nobel mwaka 2015, lakini hakuchomwa juu ya ngozi ya mtu. Alikamuliwa dawa, ikapimwa.

Nasema haya kwa sababu ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, mgonjwa wa kisukari. Aliambiwa moto utaamsha miguu yake iliyokufa ganzi, akaacha na vidonge. Miguu isiyohisi haijui joto limezidi. Lengelenge aliliona mkewe, siku ya tatu, alipokuwa akimvua soksi amtie udhu. Kidonda kilikaa miezi minne, na vidole viwili havikurudi naye kutoka hospitalini.