Jeraha mguuni, ugonjwa tayani

Ukipita Mtaa wa Kongo au Msimbazi pale Kariakoo, utawaona wachukuzi na wasukuma mikokoteni wamevaa kandambili, wakikanyaga mbao za masanduku zenye misumari. Mtu akichomwa, hufuta damu akaendelea na kazi. Wiki moja au mbili baadaye taya linakaza, kinywa hakifunguki. Hiyo ni pepopunda. Lakini jeraha liko mguuni. Mbona ugonjwa unaanzia tayani?

Jibu lilipatikana kwa kufuatilia safari ya protini mwilini. Mwaka 1967, huko Marekani, Reese na Karnovsky waliwadunga panya protini itokayo kwenye mzizi wa mmea, ambayo ikitiwa dawa hugeuka rangi ya kahawia. Ilizunguka kwenye damu, lakini ilipofika kwenye ubongo ilikwama, kwa kuwa kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebanana sana.

Hata hivyo, kuna mlango wa nyuma. Mwaka 1971, Kristensson na Olsson wa Sweden waliidunga protini hiyo hiyo kwenye msuli. Wakaikuta ndani ya seli za fahamu katika uti wa mgongo. Ncha ya mshipa wa fahamu iliyo kwenye msuli hujikunja kwa ndani, ikaifunga protini katika kifuko kidogo mno, na kifuko hicho huvutwa hadi kwenye seli yenyewe.

Sumu ya pepopunda nayo ni protini, na hupita njia hiyo hiyo. Ikishaingia kwenye damu huifikia misuli yote, kisha hupanda kwa mishipa ya fahamu. Mishipa ya taya ni mifupi, ya mguu ni mirefu. Kwa hiyo taya hutangulia. Ikifika, huzima seli zinazoilegeza misuli, nayo hukakamaa.

Hapa ndipo penye hatari. Sumu ikishaingia ndani ya seli, dawa ya kuipinga haiwezi kuifikia. Dawa hukamata ile tu ambayo bado iko nje.

Akina mama wajawazito huchanjwa kliniki. Akina baba wengi chanjo yao ya mwisho ilikuwa ya utotoni, nayo kinga hupungua. Ukichomwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo ukaulizie sindano. Usisubiri taya likukumbushe.