Jitu la Hugo na Wachimba Makaa wa Zola

Wako wadhanio kwamba katika vitabu tofauti ya ulimbwende na uhalisia ni hii: ule wasimulia wakubwa, na huu wasimulia maskini. Sisi hatukubali. Victor Hugo, kiongozi wa walimbwende wa Ufaransa, alitoa Les Misérables mwaka 1862. Shujaa wake ni nani? Ni Jean Valjean, fukara aliyeiba mkate akakaa gerezani miaka 19: mitano kwa wizi, iliyobaki kwa kujaribu kutoroka.

Basi tofauti i wapi? Tuyatazame macho ya mwandishi. Valjean huyu ainua gari kwa mgongo wake. Ambeba majeruhi katika mifereji ya maji machafu chini ya mji wa Paris. Na huruma yake yapita ya binadamu yeyote tumjuaye. Mlimbwende autukuza moyo, ndoto, na mtu mmoja apambanaye na ulimwengu. Wala hatumdharau, maana ndiye aliyemfanya mfungwa kuwa jitu, na wasomaji wakamlilia.

Wahalisia walishika njia nyingine. Gustave Flaubert alishtakiwa mwaka 1857 kwa kumwandika mke wa tabibu wa kijijini jinsi alivyo, bila kumhukumu, mahakama ikamwachilia. Émile Zola akaenda mbali zaidi. Februari 1884, wachimba makaa ya mawe wa Anzin walipogoma, alifunga safari akashuka shimoni, akaandika katika daftari lake aliyoyaona. Germinal kikatoka mwaka 1885.

Humo hamna jitu. Mzee Bonnemort atema mate meusi kwa vumbi la makaa. Catherine, msichana wa miaka 15, asukuma vigari gizani. Wagomaji wana njaa, na pengine wana ulevi na ukatili. Askari wapiga risasi, mgomo washindwa.

Walikuwako waliolalamika kwamba Zola amewatia wafanyakazi aibu. Twaona walikosea. Mfanyakazi asiye na kosa lolote ni sanamu, na sanamu haidai mshahara. Lakini hata Zola hakuuacha ulimbwende kabisa: shimo lake lawameza watu kama dude lenye njaa, na hapo twaisikia sauti ya Hugo.

Alipozikwa Paris, Oktoba 1902, wajumbe wa wachimba makaa kutoka Denain walifuata jeneza lake, wakiita neno moja tu, tena na tena: "Germinal! Germinal!"