Uadilifu wa Mhasibu: Siri Ina Mipaka

Maneno 'amana' na 'uaminifu' yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Udugu huo wafaa kuzingatiwa na kila aliyekabidhiwa fedha za watu. Makala haya yanakusudia kueleza maadili ya uhasibu na ukaguzi, hasa pale yanapogongana.

Tuchukulie mfano wa chama cha akiba katika mtaa wa Majengo, mjini Nyeri. Mweka hazina huandika michango daftarini. Mkaguzi hulilinganisha daftari hilo na stakabadhi pamoja na taarifa ya benki. Iwapo mkaguzi ni mume wa mweka hazina, ukaguzi hugeuka kiinimacho hata tarakimu zikiwa sahihi, kwani wanachama hawana sababu ya kumwamini.

Kanuni za kimataifa za wahasibu zina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umilisi na uangalifu kazini, kutunza siri, na mwenendo unaoheshimisha taaluma. Je, mhasibu aonaye wizi atunze siri au aseme?

Swali hili lilimkabili David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya. Katika kashfa ya Goldenberg, fedha za umma zililipwa kama ruzuku ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo, ilhali Kenya haina machimbo ya almasi. Mnamo 1993, Munyakei alizifikisha nyaraka za malipo hayo kwa wabunge wa upinzani. Alikamatwa na kushtakiwa. Ingawa aliachiliwa, kazi aliipoteza. Aliaga dunia mwaka 2006 akiwa fukara.

Kwa hakika, siri iliwekwa ili kumlinda mteja dhidi ya umbeya na washindani, si kumkinga mwizi. Ndiyo maana tangu 2017 kanuni hizo zinaeleza hatua za kufuata: mhasibu aulize, aweke kumbukumbu, awaarifu wakuu wake; wakipuuza, anaweza kuziarifu mamlaka husika bila kuhesabiwa kuwa amevunja siri. Kamwe asitie sahihi hesabu anazozijua kuwa za uongo.

Hata hivyo, kanuni pekee hazimlishi aliyefutwa kazi kwa kusema kweli. Jamii inayodai wahasibu waadilifu haina budi kuwalinda. Nasi tuanzie karibu: tukichagua mkaguzi wa chama chetu, tumchague asiye na maslahi, kisha tukubali kusikia atakalosema.