Seva yako inawaka kwa memori kadi? Soma hii mapema

Kwa miaka mingi mafundi wa seva walikuwa na ujanja mmoja: programu ya VMware ESXi inawekwa kwenye flashi ya USB au memori kadi ya SD, diski kubwa zinaachiwa kazi. Gharama ndogo, na ilikubali.

Siri ilikuwa hii: seva ikishawaka, ESXi ilikaa kwenye RAM. Kadi haikuandikwa sana, kwa hiyo haikuchoka.

Toleo la 7.0 la mwaka 2020 likabadili mambo. Lina sehemu iitwayo ESX-OSData, ambayo husomwa na kuandikwa muda wote. Na flashi, kama ile ya kwenye simu yako, ina kikomo cha kufutwa na kuandikwa upya. SSD nzuri inagawanya mzigo huo na ina nafasi ya akiba. Kadi ndogo? Nyingi haziwezi.

Mwaka 2021 kadi zikaanza kufa, na VMware ikashauri watu wahamie kwenye diski imara.

Hatari yenyewe ni kwamba kadi inaweza kufa kimya kimya. Seva inaendelea kupiga kazi, we hujui kitu. Siku umeme ukikatika, haiwaki tena.

Ufanyeje? Weka SSD mbili ndogo zinazonakiliana, logi zipeleke kwingine, na chukua bakapu ya mipangilio leo, kabla hujazima seva.